Tiara Iliyobaki Angani

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Huku kwetu wote wazima, isipokuwa kidole gumba changu cha kushoto, ambacho nyundo imekifanya kifanane na nyanya. Kitapona.

Nina jambo moja tu. Tumepata nyumba ufukweni kwa siku nne, katikati ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Vyumba vitatu, baraza inayotazama maji, na paa ambalo aliyelijenga alikuwa na haraka ya kwenda kula, lakini sitalikagua, mume wangu ameshaniapisha. Tutakuwa mimi, yeye, Chiriku, na wewe. Mkweo atakuja kukuchukua hadi mlangoni. Anaendesha gari la wagonjwa mwaka wa kumi na mbili huu, kwa hiyo usiseme humwamini akishika usukani.

Chiriku ametimiza miaka kumi na hajawahi kurusha tiara. Nilipomwambia babu yake alikuwa anatengeneza tiara kwa karatasi za mahakama zilizoharibika, alicheka mpaka akapaliwa. Anadhani ulizaliwa umevaa tai. Nataka umfundishe kama ulivyonifundisha mimi, pale kiwanjani nyuma ya mahakama, Mama akitushikia viatu.

Najua hupendi simu, unasema kwenye simu mtu hujibu kabla hajawaza. Basi waza, ila jibu liwe ndiyo.

Nisalimie Mwalimu wa Hesabu hapo mlango wa pili. Bado anapiga chafya kama lori linalokataa kuwaka?

Mwanao,
Kindi


14 Juni

Kindi,

Marahaba. Barua yako ya tarehe mbili nimeipokea tarehe tisa, na yaliyomo nimeyaelewa.

Nashukuru kwa mwaliko. Sitaweza kuja, kwa sababu zifuatazo. Kwanza, goti. Pili, goti na mchanga havielewani. Tatu, mahakama imeniomba niwasaidie kupanga majalada ya zamani, na kazi hiyo haina tarehe ya kwisha. Nne, bomba la jikoni halikai siku nne bila mtu wa kulibembeleza.

Mwambie Chiriku sikuzaliwa na tai. Ilikuja baadaye. Mwambie pia kwamba tiara si mchezo wa kukimbia. Ukimwona mtu anakimbia nayo, ujue hajaijua. Baba yake amnunulie iliyo tayari dukani. Nasikia siku hizi zipo za rangi nyingi.

Jirani yangu Mwalimu anasema chafya yake haifanani na lori la aina yoyote. Anasema pia kwamba ulipokuwa darasa la nne ulimwandikia saba mara nane ni hamsini na nne, na siri hiyo ameitunza mpaka leo.

Tunza hicho kidole. Kazi ya juu haifanywi kwa mkono mmoja.

Baba


25 Juni

Baba,

Shikamoo. Kumbe umemsomea Mwalimu barua yangu. Sikujua siku hizi barua zangu zinasikilizwa na jopo.

Nimekutana na yule karani uliyekuwa naye chumba kimoja. Alikuja huku kwenye harusi ya mpwa wake. Nikamuuliza habari za majalada, akanishangaa. Anasema hujakanyaga mahakamani mwaka mzima.

Acha niliseme, nimechoka kulizunguka. Nilipoacha masomo ya sheria nikaenda kujifunza kuezeka, hukunigombeza. Ungenigombeza ningepumua. Ulisema "Sawa," ukavaa miwani, ukaendelea na gazeti. Mwaka juzi nikaezeka soko jipya, hatua chache kutoka mlangoni kwako. Siku ya ufunguzi nilikuwekea kiti mstari wa mbele. Nikatajwa mbele ya watu wote, nikageuka kukutazama, kiti kitupu. Ukasema una mafua.

Tangu hapo barua zako zote ni za taipu. Zamani uliniandikia kwa mkono, zile herufi zako zinazolala upande kama zimechoka. Sasa nikifungua bahasha naona kama naitwa shaurini. Sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama unaona aibu kukaa ufukweni na binti mwenye misumari mfukoni, niambie hivyo hivyo, tusipotezeane wino.

Wiki ijayo tunaanza paa la wodi mpya ya watoto. Kenchi arobaini na mbili za kubeba mabati, na kazi yote nimekabidhiwa mimi. Nilitaka kukwambia hili uso kwa uso.

Kindi


6 Julai

Kindi,

Kuhusu majalada umenikamata. Hapakuwa na majalada. Nakiri kosa.

Kuhusu mengine hujanikamata popote. Mtu mzima ana haki ya kukaa kwake bila kuulizwa. Naandika kwa taipu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Miaka thelathini na moja nimepiga chapa hukumu za watu, na hakuna hakimu hata mmoja aliyenirudishia ukurasa. Waliniletea mashauri ya kurasa mia mbili saa nane mchana, wakayakuta mezani asubuhi. Kama hiyo inaonekana kwako ni ubaridi, sina la kuongeza.

Kenchi arobaini na mbili ni nyingi. Anzeni upande unaotoka upepo. Ingawa hilo unalijua kuliko mimi.

Birika linapiga kelele jikoni, narudi sasa hivi.

Nomyo usmhi doliesjo lilipmrs soni/ Mo;olss vjomo us ½ss ;slp molsdolo;oxs ,bis/ Js;olibiks ypmr/

Nsns


17 Julai

Mwalimu,

Shikamoo. Ni mimi yule wa saba mara nane. Ni hamsini na sita, nimehakiki. Na kuhusu chafya, nisamehe.

Nakuandikia wewe peke yako, na nakuomba barua hii usimsomee. Ndiyo, nimeshajua unamsomea. Acha nieleze nimejuaje.

Barua ya mwisho ya Baba ilikuja ikiwa na aya ya takataka chini yake, nukta mkato na alama za nusu katikati ya maneno. Katika takataka yote hiyo neno moja tu lilisomeka: soni. Nilikuwa nimetoka kumuuliza kama ananionea aibu, naye ananijibu soni. Nililia pale jikoni, na mimi si mtu wa kulia jikoni. Mume wangu akaichukua, akaigeuza juu chini, akasema labda mashine imeharibika.

Siku mbili baadaye, niko juu ya kenchi ya tisa, nikakumbuka. Nikiwa mdogo Baba alinifundisha taipu kwa kufunika herufi na leso. Nikianza na vidole vimesogea kitufe kimoja, ukurasa mzima unatoka upuuzi, naye anacheka mpaka anavua miwani. Nikashuka. Nikachora herufi zote kwenye ubao kwa penseli ya seremala, nikawa nazirudisha moja moja, hatua moja kushoto. Soni ikageuka kuwa aibu. Na kabla ya aibu palikuwa na maneno mengine. Inasema hivi: "Binti yangu, sikuwahi kukuonea aibu. Nilikaa chini ya paa lako nikasikiliza mvua. Halikuvuja tone." Na hata pale alipotia sahihi, Nsns ni Baba.

Mafundi wangu walinikuta nimekaa juu ya rundo la mabati, wakadhani jua limenipiga.

Sasa, Mwalimu. Baba yangu hajawahi kutuma ukurasa wenye herufi moja mbaya. Angeuona asingeutuma. Basi hakuuona. Na mtu anayesomewa barua zake na jirani, anayeacha kuandika kwa mkono, anayekimbia safari asiyoizoea, mimi ningepaswa kumjua mapema.

Niambie ukweli. Baba anaona?

Kindi


24 Julai

Kindi,

Marahaba. Jibu la hesabu ni sahihi, ila limechelewa miaka ishirini na saba.

Baba yako ameniapisha nisikwambie jambo fulani. Nimeapa na sitakwambia. Lakini hakuniapisha nisikueleze ratiba yangu, basi nakueleza.

Saa moja asubuhi nagonga kwake. Ananinyooshea soksi mbili, nami nasema "ndugu" au "si ndugu". Chai anamimina mwenyewe, kidole kikiwa ukingoni mwa kikombe, na ole wako umguse mkono. Saa nne namsomea gazeti. Barua yako ikifika namsomea mara tatu, ya kwanza mbiombio, ya pili taratibu, ya tatu zile sehemu atakazotaka. Ile ya kiti kitupu niliisoma mara moja. Alisema inatosha. Jioni tunakwenda hadi kwa kinyozi na kurudi, hatua mia mbili na kumi na nne. Mimi nahesabu kwa mazoea ya kazi, yeye ana sababu zake. Kila baada ya miezi miwili nampeleka kliniki ya macho. Wanasema ni presha ya macho, na kwamba kilichoondoka hakirudi. Hayo hajaniambia yeye, nilikuwepo daktari akisema, kwa hiyo sijavunja kiapo.

Barua zake hunipa nizipitie kabla ya posta. Ile ya tarehe sita alinikabidhi imeshafungwa kwa gundi. Nilidhani mmegombana zaidi. Kumbe kulikuwa na maneno ambayo hakutaka yapite machoni pangu.

Siku ya ufunguzi wa soko nilimkuta amekaa kitandani, suti imenyooka, miguuni ana viatu viwili, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Nikamwambia. Akavivua vyote viwili, akavipanga, akasema nikawaeleze ana mafua. Mvua ya kwanza iliponyesha akaniamuru nimpeleke sokoni. Tulikaa juu ya magunia ya vitunguu kuanzia saa tatu hadi saa saba. Kila aliyepita alimwambia, "Paa hili ni la binti yangu." Muuza nyanya mmoja akamjibu, "Nimesikia mzee, hii ni mara ya nne."

Ushauri wangu, ukiutaka: usimwandikie kwa huruma, ataifunga mashine na hutapata hata takataka tena. Mpe kazi.

Mwalimu


1 Agosti

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia. Aya ya mwisho ilipata maji kidogo njiani, lakini niliisoma, na nimeielewa yote. Sina kinyongo. Nilikuwa na hasira ya bure na nakuomba radhi.

Nakuandikia kwa shida ya kikazi. Mkweo amemtengenezea Chiriku tiara tatu. Ya kwanza ilizunguka kama nzi aliyepigwa, ikatua kwenye supu ya jirani. Ya pili haikunyanyuka kabisa. Ya tatu ilipanda hadi usawa wa dirisha, Chiriku akaanza kushangilia, ikamgeukia ikamfukuza hadi ndani. Mimi nimejaribu kukumbuka ulivyokuwa unafunga zile nyuzi tatu za kifuani, na nimeshindwa. Najua kwamba ulikuwa unapima kwa vidole, si kwa rula. Vidole vyako sinavyo.

Ninaezeka wodi nzima lakini tiara imenishinda. Nahitaji fundi. Ukija hutakuwa mgeni wa kukaa barazani, utafanya kazi.

Nyumba haina ngazi. Kutoka chumba utakacholala hadi barazani ni hatua kumi na moja, kutoka barazani hadi mchanga mgumu ni hatua sitini, njia imenyooka. Nimepima kwa sababu mimi hupima kila kitu.

Kindi


8 Agosti

Kindi,

Kama ni kazi, nakuja.

Masharti. Mianzi iwe mikavu, ipasuliwe nyembamba, isisuguliwe, nitaisugua mwenyewe. Kitambaa kitoke kwenye mwavuli mzee, si karatasi, karatasi haifai penye chumvi. Uzi uwe wa pamba uliopakwa nta, mita mia na hamsini, usiniletee ule wa plastiki, hauna habari yoyote ya kumpa mtu. Asiwepo wa kunishika mkono nikitembea. Goti langu lina heshima zake.

Nashukuru kwa vipimo vya nyumba. Mwalimu alipovisoma alipiga chafya ambayo sikuiamini.

Baba


21 Agosti

Mwalimu,

Shikamoo. Baba atakuwa ameshafika kwako unapoisoma hii, na atakuwa amekueleza kila kitu isipokuwa yale yaliyo muhimu. Hayo ndiyo nakuandikia.

Siku ya kwanza tuliigiza wote. Yeye aliigiza anaona, sisi tukaigiza hatujui. Alisifu bahari. Alisema paa limekaa vibaya, jambo ambalo ni kweli, ila nadhani alisikia bati likigonga. Mchana kutwa alikaa barazani na Chiriku wakitengeneza tiara. Alisugua mianzi kwa kipande cha chupa, akaweka kila kijiti juu ya ncha ya kidole kuona kinaelemea wapi. Chiriku akaniambia kando, "Mama, babu anajidai, anafunga mafundo bila kutazama." Nikamwambia ndiyo, babu yako anajidai.

Siku ya pili upepo ukaja vizuri na ufukwe ukajaa watu. Familia kama kumi na tano, karibu zote na tiara za dukani, ndege, samaki, moja ndefu kama treni. Yetu ilikuwa nyeusi, ya mwavuli, na mkia wa vitambaa vya jikoni. Chiriku aliionea haya kidogo, nilimwona anaificha nyuma ya mgongo. Baba alisimama kwenye mchanga mgumu, akavua viatu, akamwambia Chiriku arudi nyuma hatua ishirini aishike juu. "Usikimbie. Nikisema achia, achia." Akangoja. Tukangoja. Watu wengine walikuwa wanakimbia huku na huku kama wamefukuzwa na nyuki. Ghafla akasema, "Achia," na ile tiara ikaenda juu moja kwa moja kana kwamba imeitwa na mtu.

Ikapanda mpaka ikawa ndogo. Chiriku akarudi mbio amejaa furaha, akamtazama babu yake, akatazama juu, halafu akasema kwa ile sauti yake inayofika mtaa wa pili, "Babu, mbona unaangalia baharini? Tiara iko huku, juu ya nyumba."

Jamaa mmoja mwenye kofia, aliyekuwa na ile treni, akacheka. Akasema, "Mzee, umeipoteza yako nini?"

Nikapiga hatua. Mume wangu akanishika kiwiko. Yeye amebeba wagonjwa wengi, anajua wakati wa kusogea na wakati wa kuacha. Nikasimama. Baba hakugeuza kichwa. Nikajua sasa atasema jua limemchoma macho, au goti, au chochote.

Akasema, "Sioni, Chiriku. Hata wewe sijakuona tangu uote upya meno ya mbele."

Chiriku akafikiri. Unamjua, akifikiri unaona kabisa anavyofikiri. Akauliza, "Sasa umejuaje imepanda?"

"Njoo hapa," akamwambia. Akamwekea uzi kati ya vidole. "Fumba macho. Unasikia nini?"

"Inavuta."

"Inavuta wapi?"

"Kushoto. Sasa imelegea. Sasa inatikisika."

"Ikitikisika hivyo inaomba uzi. Ipe kidogo. Basi. Hapo imeridhika."

Wakakaa hivyo, wote wawili wamefumba macho, na mimi, mtu mzima, nikafumba yangu pia pale nilipokuwa.

Kama nusu saa baadaye upepo ukafa. Sisi wenye macho tulijua ulipokwisha kufa, tulipoona tiara zinaanguka, samaki majini, ndege kichwani kwa mama mmoja, treni ikashuka behewa moja baada ya jingine. Baba alijua kabla. Alikuwa ameshaanza kuvuta uzi kwa mikono miwili, taratibu, ananong'ona na Chiriku, akaivuta, akaiachia, akaivuta, anaitafutia hewa huko juu ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Ufukwe mzima ikabaki moja. Nyeusi, yenye mkia wa vitambaa vya jikoni. Watu walisimama kuitazama. Chiriku hakuionea haya tena. Alikuwa anapita kwa kila familia anasema, "Ile ni ya babu yangu, haoni," kama mtu anayesema babu yangu ni jaji.

Jamaa wa kofia akaja. Alivua ile kofia kwanza, nilimhesabia hilo. Akasema, "Mzee, samahani kwa maneno yangu. Unaweza kuniangalizia na hii yangu?" Baba akasema, "Kuangalia siwezi. Ilete mkononi." Akaipapasa, akafungua fundo moja, akalifunga upya chini kidogo. Upepo uliporudi ile treni ikapanda. Kufika saa kumi na moja kulikuwa na mstari wa watu, Mwalimu, mstari, kila mmoja na tiara yake, na Baba amekaa kwenye kiti anazipokea kama zamani alivyopokea majalada, anauliza, "Tatizo lake nini?"

Jioni tulikaa wawili barazani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilitegemea aniambie ni kiburi, na sehemu yake ni kiburi, alikiri. Alitaka nimkumbuke kama mtu asiyerudishiwa ukurasa. Halafu akasema, "Na wewe nakujua. Ungesikia sioni, ungeshuka. Ungeacha mapaa uje unipikie uji. Mimi nilisema 'sawa' siku ulipoacha sheria, nikavaa miwani usinione machozi. Hakuna mwanamke niliyemjua aliyewahi kupanda juu vile, na huyo alikuwa mwanangu. Nisingekubali ushuke kwa ajili yangu."

Nikamwambia sishuki. Nikamwambia mimi naweza kuwa juu ya paa na bado kuwa binti. Akasema, "Weka hilo kwenye maandishi." Basi naliweka hapa, nawe ni shahidi.

Nakushukuru kwa soksi, kwa chai usiyoigusa, na kwa magunia ya vitunguu. Usimwambie nimelia tena. Safari hii ilikuwa barazani.

Kindi


30 Septemba

Kindi,

Marahaba. Barua hii Mwalimu ameipitia, kwa hiyo makosa yoyote yaliyobaki ni yake.

Umeniandikia kwamba kenchi zote zimesimama na mabati yameanza kupanda. Nimemwambia kinyozi. Nimemwambia pia muuza gazeti na yule bwana wa ghorofa ya juu ambaye sipatani naye. Mwanzoni alikuwa ananuna, mwisho akauliza kama unaweza kuja kutazama bati lake. Nimemjibu una foleni.

Nimenunua fimbo nyeupe. Miaka miwili daktari ananiambia niichukue, nami namwambia goti langu halihitaji. Siku ya kwanza nilishuka nayo ngazi nikijisikia kama nimetoka bila shati. Nilipofika chini, yule mama anayekaa ghorofa ya chini aliniambia habari za asubuhi kama kawaida, na mpaka leo hakuna aliyeanguka kwa mshtuko. Nilijifungia bure muda wote huo.

Sasa habari yenyewe. Pale kliniki ya macho kuna muuguzi aliyeniona nikimwandikia daktari maelezo yangu kwa mashine yao, haraka haraka, huku nikiongea na Mwalimu. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia nilifundisha pia. Akaniambia wana mashine sita za taipu stoo, na wana watu waliopoteza macho ukubwani, ambao wanakaa tu majumbani wanasubiri chakula. Akaniuliza kama ningependa. Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria hadi mlangoni, nikarudi.

Darasa lina watu sita. Dereva wa lori, fundi cherehani, ndugu wawili waliokuwa na duka, binti aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, na mzee mmoja ambaye hajasema alikuwa nani na simuulizi. Siku ya kwanza walikaa kama watu walioitwa kusikiliza hukumu. Nikawaambia waweke mikono mezani. Nikapita kwa kila mmoja, nikamwekea kidole kimoja kimoja mahali pake, kwa sababu kidole kikikosea nyumba, ukurasa wote unapotea, na hilo mimi nalijua kwa ushahidi.

Fundi cherehani alikuwa mkali. Alisema, "Mwalimu, wewe unatuambia ni rahisi kwa sababu unaona." Nikamwambia, "Mama, mimi sioni hata dirisha liko upande gani." Nikasikia kiti chake kinasogea mbele. Akasema, "Basi niwekee hivyo vidole tena."

Jana, wiki ya nne, niliwaambia kila mmoja aandike mstari mmoja anaoutaka mwenyewe. Muuguzi akapita anasoma kwa sauti. Dereva aliandika namba ya lori lake. Binti wa chuo aliandika kwamba anarudi chuoni Januari. Fundi cherehani aliandika majina ya watoto wake wanne, kwa mfuatano wa kuzaliwa, na muuguzi akayasoma yote manne bila kukwama. Hakukuwa na herufi hata moja iliyokosea. Yule mama akaomba karatasi yake, akaipapasa yalipogonga maandishi, akaikunja, akaitia kifuani. Wenzake wakapiga meza kwa viganja. Na mimi nikapiga.

Jirani yangu analalamika kwamba sasa ngazi moja ina walimu wawili. Nimemwambia azoee.

Baba yako,
mwalimu wa taipu